Mpira Uliolala Juu ya Chokaa

Asubuhi ya mechi ile baba aliniamsha twende tukachore mistari. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka Uluguru usiku kucha, na majivu tuliyomwaga uwanjani Kilakala jana yake yalikuwa yamesombwa, yakabaki mabaka ya kijivu kwenye nyasi kama ndevu za mtu aliyenyolewa gizani. Safari hii baba alikoroga chokaa kwenye ndoo, nzito kama uji. Mimi nilishika ncha moja ya kamba, yeye akatembea kinyumenyume na ncha ya pili.

"Vuta," aliniambia. "Mstari ukipinda leo, watasema Mwembesongo wameupinda makusudi."

Tulicheka. Milima ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni, na sauti zetu zilisikika uwanja mzima. Katika yote yaliyofuata, kicheko kile ndicho kinachoniuma zaidi.

Baba ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Ni Mnyamwezi aliyehamishiwa Morogoro kikazi kabla sijazaliwa, akamwoa mama yangu, Mluguru wa Mlali, asitamani tena kuondoka. Jioni anakuwa kocha wa timu ya mtaa wetu wa Mwembesongo. Siku ile timu yake ilikuwa inacheza mechi ya mchujo, mechi moja tu: atakayeshinda anapanda ligi ya mkoa, atakayeshindwa anarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Na wapinzani wetu, kana kwamba kuna mtu alikaa akapanga kutuchokoza, walikuwa vijana wa Mlali, kwa kina mama.

Golini kwa Mlali alisimama kaka yangu. Ni mtoto wa mama mdogo, lakini sijawahi kumwita jina jingine zaidi ya kaka. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mimi na yeye ni wa ukoo mmoja, na hakuna anayehangaika kutafuta neno la kututenganisha. Miaka yote ya sekondari alikaa kwetu, akilala chumba cha uani, akila sahani moja na mimi. Baba ndiye aliyemfundisha kudaka.

Kiwanja chetu cha mazoezi hakikuwa na nyavu wala refa. Magoli yalikuwa mawe mawili kila upande. Ubishi ulikuwa hauishi, mpaka baba alipoweka sheria yake: kipa ndiye anayesema. Kipa akisema umeingia, umeingia. Akisema haujavuka, mnaendelea kucheza, na hakuna ruhusa ya kununa. Mwanzoni makipa walidanganya mpaka basi. Baba hakuwapiga wala kuwafukuza, aliwaacha palepale golini. "Daka tu," alikuwa akisema. "Daka mpaka uone aibu." Na kweli waliona aibu, mmoja baada ya mwingine. Kaka yangu hakuhitaji kusubiriwa. Alikuwa akitangaza hata mabao ambayo sisi tuliofunga hatukuyaona. "Umeingia, baba mkubwa," alikuwa akimwambia baba, akinyoosha kidole chini. "Umepita hapa."

Mimi nilicheza nao mpaka nilipokua na shangazi zangu wa Tabora wakaanza kuuliza msichana anatafuta nini kiwanjani na wavulana. Nilikua nikiamini kwamba ndivyo mpira unavyochezwa duniani kote.

Mechi ilikuwa nzito kama ardhi yenyewe. Mchezaji akipiga shuti, mpira unakwama kwenye tope na yeye anapita peke yake. Watu wa Mlali walikuwa wameshuka na ngoma, wamejaza upande wa shule, na kila mchezaji wetu alipoteleza waliimba kumpa pole. Mimi nilikuwa nyuma ya goli la kaka na ndoo ya maji, maana kipindi cha pili vijana wetu walikuwa wanashambulia upande ule. Tuliendelea bila kwa bila mpaka jua lilipotoboa mawingu na kivuli cha milingoti kikalala kirefu uwanjani.

Dakika za mwisho tukapata kona. Baba alitoka kwenye benchi lake, akaja mbio mpaka jirani na mlingoti, akipanga watu kwa mikono. Mpira ukapigwa, ukapanda, mshambuliaji wetu akaugonga kwa kichwa, ukamgonga beki mgongoni, ukadondoka ukibingirika kuelekea mstarini. Kaka alijirusha. Aliuangukia kwa kifua akaukumbatia, uso ukiwa ndani ya tope, na hakusogea tena.

Vijana wetu wakanyanyua mikono. "Umeingiaaa!" Refa alikuwa nyuma ya kundi la migongo. Mshika kibendera alikuwa ameteleza na ndio kwanza anainuka. Filimbi ikalia. Refa akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja: bao.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Mpira ulikuwa umelala juu ya chokaa, si nyuma yake, juu yake. Kaka alipoinuka nao, tumbo la mpira lilikuwa na mchirizi mweupe mbichi, na mchirizi uleule ulikuwa umekatiza kifuani kwenye jezi yake. Sheria ya mpira anaijua hata mtoto wa chekechea: lazima uvuke wote.

Vijana wa Mlali walimzingira refa. Kaka hakwenda. Aligeuka kwa baba, aliyekuwa karibu na mpira kuliko mtu yeyote, karibu kuliko mimi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kiwanjani kwetu.

"Baba mkubwa, haukuvuka."

Baba alimtazama. Nilimwona akimtazama. Kisha akageuza uso, akapiga makofi. "Rudini nyuma! Mechi haijaisha! Kabeni!"

Nilijiambia, atasema mpira ukiisha. Hataki kuvuruga mchezo, atasema mwishoni. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakamwagika uwanjani, na katika vurugu ile nilimwona baba ameushika ule mpira. Alivuta taulo begani akaufuta, akiuzungusha taratibu mikononi kama mtu anayemfuta mtoto uso baada ya kula. Huenda alikuwa anafuta tope tu. Nimejitahidi sana kuamini kwamba alikuwa anafuta tope.

Mwembesongo haikulala mapema siku ile. Bodaboda zilipita zikilia honi, akina mama wakapiga vigelegele vibarazani, na mimi pia niliimba. Ninasema ukweli: niliimba. Ushindi una joto lake, na mtu akiwa katikati ya watu anaowapenda hasimami kando akahesabu makosa.

Siku zilizofuata ubishi ulihamia saluni ya kunyoa karibu na kwetu.

"Refa kakosea, sawa. Lakini refa ni sehemu ya mchezo, oya."

"Sehemu gani? Hata jambazi ni sehemu ya benki basi."

"Msimu uliopita sisi tulinyimwa penalti ya wazi. Nani aliandamana? Leo tumepewa, tule."

"Kuleni. Ila msije mkaniambia mlishinda. Semeni mlipewa."

Nilisikiliza na kuwaza, na mwanzoni nilikuwa upande wa wale wanaotaka kula. Refa yule simlaumu hata leo. Alikuwa na jua machoni, tope miguuni na ukuta wa migongo mbele yake. Alikosea kama jicho linavyokosea. Ushindi uliopatikana kwa kosa la jicho una doa, lakini ni doa ambalo mtu anaweza kuvaa nalo nguo akatembea. Timu inapanda ligi, walioshindwa wanalalamika, msimu mwingine kosa linawaangukia wengine. Kama yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Hayakuishia hapo. Mtu fulani alirekodi lile bao kwa simu, na kipande kile kikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, mjini na Mlali. Mpira wenyewe hauonekani. Inaonekana migongo, kisha mikono juu. Kitu kimoja tu kinaonekana vizuri kuliko vyote: kipa wa Mlali, ameshafungwa, wenzake wanamkimbilia refa kupinga, yeye anageuka na kuzungumza kwa upole na kocha wa Mwembesongo. Mume wa mama yake mkubwa. Aliyemlea.

Mlali walikiangalia kipande kile mara nyingi, wakaelewa walichoelewa. Kaka yangu ameuza mechi.

Mama mdogo alimpigia mama simu akilia. Kaka alikuwa ameondolewa kwenye timu. Akipita na tenga lake la nyanya, vijana wanamwita, "Kipa! Ubwabwa wa mjini mtamu, ee?" Msikitini mtu aliyekuwa kando yake aliinuka akahama safu. Mchumba wake, ambaye kaka yake ndiye nahodha wa timu, alikuwa ameambiwa na nyumbani kwao asubiri kwanza. Na kaka alikuwa hajitetei. Alikuwa anasema jambo moja tu, "Muulizeni baba mkubwa. Alikuwepo."

Jioni hiyo nilimfuata baba uani.

"Baba, umesikia ya Mlali?"

"Maneno ya mpira. Yataisha."

"Wewe ulikuwa pale. Sema tu haukuvuka, wamwache."

"Mimi nilikuwa naangalia wachezaji wangu."

"Baba."

"Unajua vijana hawa wamehangaika miaka mingapi? Unataka nisimame niseme bao lao ni la uongo? Ligi yenyewe haijaanza."

"Hakuna anayetaka urudishe bao. Refa kashapiga filimbi, limeshapita. Wewe useme tu ulichokiona."

"Ni kitu kilekile," akasema, na akaanza kunyoosha waya wa kuanikia nguo ambao haukuwa umelegea.

Mama alikuwa jikoni. Alisikia kila neno, na alichofanya ni kuweka sufuria chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakati wa sherehe ya kupanda ligi, iliyofanyika uani kwetu kwa pilau na spika za kukodi, mjomba alishuka kutoka Mlali. Ni kaka mkubwa wa mama, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Alikuja na kaka. Lakini alikuja kwa mlango ambao hakupaswa kuutumia.

Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mjomba na baba wametaniana tangu siku ya mahari. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni wako, akabeba kuku wako, akakwambia ukweli ambao ndugu yako hawezi kukwambia, na ukikasirika wewe ndiye uliyeshindwa. Mjomba aliona hiyo ndiyo njia laini. Aliingia getini na mkeka kwapani, akiomboleza kwa sauti kubwa.

"Uuuwii! Tumekuja msibani! Wafiwa mko wapi?"

Spika zikazimwa. Watu wameshaanza kucheka. "Amekufa nani, mzee?"

"Amekufa mstari! Mstari wa chokaa, jamani, amekufa kijana, ameuawa na Mnyamwezi!"

Baba alisimama, uso umeshachangamka. "Mpeni nyama huyu. Mluguru akifungwa uwanjani huja kulia karibu na sufuria."

"Nyama baadaye, mtani. Kwanza sema mbele ya watu. Mpira ulivuka haukuvuka?"

"Ulivuka!" baba akajibu papo hapo. "Ulivuka ukafika Dodoma, ukapiga simu unaomba nauli ya kurudi!"

Uani kulilipuka. Mjomba naye alicheka, angefanyaje? Alifuta machozi ya kicheko, akaweka mkeka chini, akajaribu kushusha sauti.

"Sasa shemeji, tuache mzaha. Mtoto anaharibikiwa kule."

"Na mimi nimeacha mzaha, mtani," baba akasema huku akicheka bado, akimvuta mkono. "Kaa ule."

Hapo nilielewa tumekosea wapi. Utani ni mahali pa kusema ukweli bila kugombana, na baba alikuwa amegeuza mahali pale kuwa maficho. Kila tulichoweza kumuuliza kilikuwa kimeshaulizwa kwa kicheko na kujibiwa kwa kicheko. Mjomba angekuja kimya, akavua viatu, akakaa sebuleni na kumwita baba kwa jina la mtoto wake wa kwanza, baba angelazimika kujibu kama mtu mzima. Sasa hakuwa na deni la jibu.

Kaka alikuwa bado amesimama karibu na geti. Hakucheka hata kidogo.

"Haukuvuka," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia. "Haukuvuka. Niliuona."

Watu waligeuka. Kisha yule mshambuliaji wetu aliyepiga kichwa siku ile akasema, "Dada, leo umehamia Mlali? Basi chai ya huku usinywe!" Wakacheka tena, bila ubaya wowote. Na walikuwa sahihi kwa jinsi yao. Neno langu lilikuwa neno la dada. Mlali wasingelikubali, Mwembesongo wasingelihitaji. Neno lililokuwa na uzito lilikuwa la mtu mmoja tu, na yeye alikuwa anapakua pilau.

Kaka alinitikisia kichwa, niache. Akasogea mpaka kwa baba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, chukua sahani."

"Nimeshiba."

Akatoka. Mjomba alibaki na mnofu mkononi, hajui aende naye au akae.

Timu ikacheza ligi ya mkoa. Ikashinda nyingine, ikafungwa nyingine, kama timu yoyote. Mimi sikwenda uwanjani. Baba hakuniuliza kwa nini, na kutoniuliza kwake kuliniambia kwamba anajua. Watu huniuliza kama makosa ya refa yanachafua ushindi, kwa sababu wanajua nimetoka nyumba ya mpira. Nawajibu hapana, refa hana uwezo huo. Mikono yake haifiki mbali kiasi hicho. Wenye uwezo huo ni wale wanaojua, baada ya filimbi.

Bibi yetu wa Mlali alifariki kabla ya masika mengine, na kwenye arobaini yake tulipanda wote. Ilikuwa asubuhi ya baridi, moshi wa majiko unatambaa chini, migomba inadondosha umande. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka wakisubiri hitima: wazee, mjomba, yule nahodha, karibu timu nzima ya Mlali iliyocheza siku ile. Baba, kama mtani, alikuwa na kazi ya kutumikia, kwa hiyo alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Kaka alikuwa anamsogezea magogo. Mimi nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo, hatua chache kutoka walipo.

Walifanya kazi muda mrefu. Kisha baba akauliza, "Siku hizi unadaka?"

"Hapana."

Shoka likapanda, likashuka. "Na yule binti?"

"Ameolewa Mzumbe."

Baba aliegemea mpini. Alikuwa anahema. Alitazama gogo, si kaka, akasema kwa sauti ambayo karibu nisiisikie, "Haukuvuka. Nilijua tangu pale pale."

Mikono yangu ilisimama ndani ya mchele. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo muda mrefu mno.

Kaka hakushtuka. "Na mimi nilijua," alisema. Akaelekeza kidevu kwenye mikeka. "Wale ndio hawajui. Leo wapo wote, baba mkubwa. Waambie."

Baba akageuka kuwatazama. Nilimwona akifuta viganja kwenye suruali, kimoja, kisha kingine. Wakati huohuo mjomba akapaza sauti kutoka mkekani, "We Mnyamwezi! Kuni ziko wapi, au umelala na shoka?"

Wanaume wakacheka, wakageuka wote kutuangalia. Nyuso zote zilikuwa upande wetu, zimefunguka, zinasubiri. Isingekuja saa rahisi kuliko ile.

"Zinakuja, mtani!" baba akaitika. "Mluguru na njaa, utadhani kazaliwa jana!"

Akainama, akabeba kuni kwa mikono miwili mpaka kidevuni, akapita katikati yao. Walimkunjia miguu apite. Nahodha alinyanyua mkono akamtolea kijiti kilichokuwa kinataka kudondoka. Baba akasema asante, akatua mzigo kwenye jiko, akasimama kidogo moshini. Kisha akarudi tulipo, mikono mitupu.

Kaka alikuwa amemfuata kwa macho njia yote. Alimtolea kigoda, akachukua shoka kutoka kwenye gogo.

"Pumzika, baba mkubwa," alisema, bila hasira yoyote. "Hizi zilizobaki nitapasua mwenyewe."